Mavi ya alumini yanavyogeuka tofali la moto

Pita Gerezani au Buguruni, Dar es Salaam, saa ambayo mafundi wa kusubu wamewasha tanuri. Pistoni za magari, rimu, fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka na makopo ya soda vyote vinaingia kwenye chungu kimoja. Kabla ya kumimina, fundi anaengua utando wa kijivu unaoelea juu na kuutupa pembeni. Hayo ndiyo mavi ya alumini. Yakipoa yanafanana na jivu lenye mabonge, na safari yao huishia kwenye kiroba cha kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, au kwenye shimo la barabara ya mtaa. Mvua ikiyanyeshea yanaanza kutoa harufu kali kama ya mkojo uliolala, na ukigusa rundo utakuta lina joto bila moto wowote.

Fundi huyohuyo amejenga tanuri lake kwa udongo mwekundu unaopasuka kila baada ya wiki chache, kwa sababu matofali ya moto, yaani yanayohimili joto la tanuri, yanayotoka nje ni ghali. Wakati huohuo anatupa malighafi ya tofali bora kuliko alilonalo.

Mavi hayo kwa sehemu kubwa ni alumina, yaani alumini iliyoungana na oksijeni. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini alumina haiyeyuki hadi ufike 2,072. Ni kitu kilekile kilichomo ndani ya rubi za Longido na Winza, tofauti ni usafi na mpangilio wa chembe. Penye magnesi, hasa kwenye makopo ya vinywaji (mifuniko yake huwa na asilimia 4 hadi 5 ya magnesi), hutokea pia spineli (magnesi na alumina zikiungana), ndugu wa vito vya Mahenge, ambayo inavumilia hadi nyuzi 2,135. Ndiyo maana mavi ya makopo na mavi ya pistoni si kitu kimoja: pistoni zina silikoni nyingi, kiasi cha asilimia 12, na mavi yake yana silika (silikoni iliyoungana na oksijeni) zaidi. Usiyachanganye kwenye kiroba kimoja kama unataka tofali la leo lifanane na la mwezi ujao.

Kilichobaki ndani ya mavi ndicho kinacholeta balaa. Kuna vipande vya alumini ambavyo havikuungua. Kuna naitraidi ya alumini, inayozaliwa pale metali ya moto inapokutana na naitrojeni ya hewani. Kuna kabaidi kidogo (alumini iliyoungana na kaboni), na kuna chumvi kama fundi anatumia chumvi kusafishia. Watu wengi wanaojaribu kazi hii hukimbilia moto: wanachanganya mavi na udongo, wanafinyanga, wanachoma, halafu wanashangaa tofali limevimba kama andazi au limepasuka katikati. Kazi ngumu hapa iko kwenye maji. Ukiishinda hatua ya kuosha, iliyobaki ni ufinyanzi wa kawaida.

Kwanza rudisha metali

Mavi yanayotoka chunguni yanaweza kuwa na metali kuanzia asilimia 15 hadi zaidi ya nusu ya uzito wake, kutegemea mkono wa aliyeengua. Hiyo ni pesa, na pia ni adui wa tofali. Yakiwa bado mekundu, usiyaache kwenye rundo: yanaendelea kuungua yenyewe hadi yanakuwa meupe kwa joto, na kila dakika inayopita metali inageuka oksidi. Yamwage kwenye karai nene la chuma lililo kavu kabisa, yakandamize kwa chuma kizito chenye kishikio, yageuze, yakandamize tena. Metali itachuruzika chini na kuganda kama chapati. Ukavu wa karai si jambo la mzaha, kwa sababu tone la maji chini ya alumini ya moto hugeuka mvuke papo hapo na kurusha metali usoni.

Yakipoa, ponda kwa nyundo au kinu cha mipira ya chuma. Hapa asili inakusaidia: metali ni laini, ikigongwa inatanuka na kuwa bapa, lakini oksidi inavunjika na kuwa unga. Chekecha kwa wavu wa milimita 1. Vipande bapa vinavyobaki juu vinarudi chunguni, unga unaopita ndio wako. Ponda nje au kwenye banda lililo wazi, vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri, si kitambaa, na usitumie mashine ya grainda. Vumbi laini la alumini likitanda hewani chumbani na likapata cheche, linalipuka.

Muulize fundi kama anatumia chumvi, na ya aina gani. Chumvi ya kawaida au ya potasi inaoshwa na maji. Dawa za kusafishia zenye floraidi ni habari nyingine: zikichomwa zinaweza kutoa gesi inayokula mapafu na hata kioo. Mavi ya namna hiyo yaache kama huna mfumo wa kusafisha moshi.

Kuosha

Naitraidi ya alumini ikikutana na maji hugeuka kuwa haidroksidi ya alumini na kuachia amonia. Kabaidi huachia methani. Metali iliyobaki huachia hidrojeni. Gesi hizi lazima zitoke, na ni bora zitokee kwenye pipa kuliko ndani ya tofali.

Hesabu yake inafaa kujulikana mapema. Kilo 1 ya naitraidi hutoa gramu 415 za amonia, kiasi cha lita 600 za gesi. Kilo 1 ya metali ikiisha yote hutoa zaidi ya lita 1,300 za hidrojeni. Unga wako wa kilo 10 wenye naitraidi asilimia 10 na metali asilimia 5 unaweza basi kukutolea lita 600 za amonia na karibu lita 680 za hidrojeni. Amonia kwenye kiwango cha sehemu 300 kwa milioni ya hewa tayari ni hatari kwa uhai, na hidrojeni inashika moto ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Ndiyo maana kazi hii haifanyiki ndani ya chumba, wala kwenye uwanja uliozungukwa na kuta za majirani, wala karibu na mtu anayevuta sigara.

Chukua pipa la chuma la lita 200 lililokatwa mdomo. Usitumie sufuria ya alumini, kwani maji yatakuwa na amonia na yataitoboa, na pipa la mabati, lililopakwa zinki, nalo halifai kwa sababu hiyohiyo. Pipa liwe mbali na moto, hatua 10 au zaidi, na upepo ukupige mgongoni. Maji chemsha mahali pengine, uyalete yakiwa ya moto, lita 90 hivi. Lizungushie pipa magunia yaliyojazwa maranda ili joto lisitoroke. Kisha nyunyiza unga wa kilo 10 kidogo kidogo, kikombe kimoja kwa wakati, huku ukikoroga kwa mti mrefu. Unga uingie kwenye maji. Ukimwagia maji juu ya rundo la unga, joto linakusanyika katikati na rundo linaweza kuwaka.

Povu litapanda, kwa hiyo theluthi ya juu ya pipa ibaki tupu. Mchanganyiko ukae kwenye nyuzi 80 hadi 90 kwa saa 3 au 4, ukorogwe kila baada ya dakika 10. Majibizano yenyewe yanatoa joto, lakini ukiona umeshuka chini ya 70, ongeza maji yanayochemka. Kwenye maji baridi kazi hii ingechukua siku nyingi, kwa sababu haidroksidi inajenga ngozi juu ya chembe na kuzuia maji yasipenye. Joto na kukoroga vinaivua ngozi hiyo.

Acha itulie, mwaga maji ya juu, rudia mara ya pili na ya tatu kwa maji mapya ya moto. Kisha osha kwa maji baridi kuondoa chumvi. Kipimo kidogo cha TDS (kinachopima chumvi iliyoyeyuka majini) kama wanachotumia wauza maji kinatosha hapa. Maji mengi ya visima vya Dar yana chumvi yake yenyewe, kwa hiyo usitafute sifuri: pima maji yanayoingia, pima yanayotoka, na endelea hadi namba hizo mbili zikaribiane.

Utajuaje kwamba gesi zimekwisha? Pua inadanganya, maana baada ya nusu saa inaizoea amonia. Tumia chupa ya soda ya plastiki. Weka tope vikombe viwili, jaza maji ya moto (si yanayochemka) hadi nusu, valisha puto mdomoni badala ya kifuniko, acha hadi kesho yake asubuhi. Puto likibaki limelegea, tope limekufa. Likisimama, rudi kwenye pipa. Usifunge kifuniko hata kwa majaribio, chupa itapasuka. Kwa sababu hiyohiyo mavi yasiyooshwa hayahifadhiwi kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, na wakati wa masika hayawekwi chini ya paa linalovuja.

Maji machafu yana chumvi na amonia, na amonia kidogo sana inatosha kuua samaki. Yasiende kwenye mtaro wa mvua, kwa sababu mitaro mingi ya mjini mwisho wake ni mto Msimbazi na bahari. Yaanike kwenye bwawa la kina kifupi lililotandikwa turubai nzito, mbali na nyumba kwa ajili ya harufu. Jua la Januari litakuachia chumvi ambayo fundi wa kusubu anaweza kuitumia tena. Iandikwe wazi kwamba si ya kula. Na kama unakusanya mavi kwa wingi kutoka kwa watu wengi, hiyo si karakana ya nyuma ya nyumba tena: ulizia kibali kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC) kabla ya kukodi gari.

Kuchoma mara ya kwanza

Tope lililooshwa sasa lina haidroksidi nyingi, na haidroksidi ya alumini ikichomwa inapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake kama mvuke. Ukilifinyanga hivyo hivyo, tofali litasinyaa hadi lichanike. Zaidi ya hapo, magnesi iliyobaki ikiungana na alumina kuwa spineli inatanuka, na ni afadhali itanuke sasa. Kwa hiyo changanya tope na kaolini (udongo mweupe, maelezo yake yako hapo chini) asilimia 10, finyanga madonge ya ukubwa wa limau, anika, kisha choma hadi nyuzi 1,200 kwa saa 3. Donge zuri likigongwa linalia kama kigae, na ndani lina rangi moja. Likiwa na kiini cheusi, hewa haikutosha.

Ponda madonge hayo na uyagawe kwa chekecheke: chenga za milimita 1 hadi 3 rundo moja, unga chini ya nusu milimita rundo jingine. Za katikati zirudishe zikapondwe. Tofali zuri linataka chenga kubwa zinazoshikana kama kokoto na unga unaojaza nafasi zote kama saruji. Ukitumia unga mtupu litasinyaa mno, na ukitumia chenga tupu litakuwa kama kashata iliyokosa sukari.

Udongo wa Pugu

Dar ina bahati. Vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, vina mojawapo ya hazina kubwa za kaolini zinazojulikana. Kaolini safi ikishachomwa inabaki alumina na silika, haina chuma kingi, na juu ya nyuzi 1,100 hivi inaanza kuzaa mulaiti, sindano ndogo za alumina na silika zinazolifunga tofali kama nyuzi za katani ndani ya plasta.

Lakini jiwe la Pugu si kaolini tupu, ni mchanga wa kwatsi ulioshikwa na kaolini. Kwatsi ina tabia mbaya: ikifika nyuzi 573 inabadilika umbo na kutanuka ghafla, ikipoa inarudi. Tofali lenye kwatsi nyingi linajichana lenyewe kila tanuri linapowashwa na kuzimwa. Kwa hiyo loweka jiwe usiku kucha, koroga kwa maji mara 5 ya uzito wake, acha dakika 2, kisha mimina uji mweupe kwenye chombo kingine bila kugusa kilichozama. Rudia. Uji ukilala siku moja, kaolini inatulia chini. Mchanga uliobaki wape mafundi ujenzi.

Udongo mwekundu wa kawaida usiutumie kama kiungo kikuu. Wekundu ule ni chuma, na chuma pamoja na chumvi za sodiamu na potasi hulainisha tofali mapema. Kama unahitaji udongo wa kunatisha kidogo, chagua unaobaki mweupe au wa krimu ukichomwa.

Resho, kukandamiza na kukausha

Kwa tofali zito la kukaa upande wa moto, pima kwa uzito: chenga kubwa 35, unga wa mavi uliochomwa 25, kaolini iliyooshwa 30, udongo mweupe unaonata 10. Kama mavi yako baada ya kuchomwa yana alumina robo tatu hivi, tofali litatoka na alumina karibu asilimia 60. Ukitaka kukaribia mulaiti kamili, ambayo ni alumina asilimia 72 kwa silika 28, ongeza unga wa mavi na upunguze kaolini, lakini mulaiti nyingi inataka nyuzi 1,400 na zaidi, joto ambalo matanuri mengi ya oili chafu hayalifikii kwa uhakika. Tofali la asilimia 60 lililochomwa vizuri ni bora kuliko la 72 lililochomwa nusu.

Changanya vikavu kwanza, kisha ongeza maji asilimia 8 hadi 10. Chota kiganjani, finya: ibaki alama ya vidole bila maji kutoka. Funika kwa nailoni usiku mzima ili unyevu usambae. Asubuhi jaza kalibu ya chuma na ukandamize kwa jeki ya lori ya tani 20. Juu ya uso wa milimita 230 kwa 114, jeki hiyo inakupa kiasi cha kilo 76 kwa sentimita moja ya mraba. Viwanda vinatumia mara 7 au zaidi ya hapo, kwa hiyo tofali lako litakuwa na vinyweleo zaidi. Kubali hilo. Ukifinyanga kwa mkono utahitaji maji hadi asilimia 20, na kila tone la ziada ni tundu au ufa baadaye.

Tofali litasinyaa kiasi cha asilimia 5 hadi 6 kila upande, hivyo kwa tofali la milimita 230 tengeneza kalibu ya 244. Usinakili namba hii bila kujaribu: choma vipande vitatu vya resho yako mwenyewe, pima kabla na baada, ndipo umpe fundi wa kuchomelea vipimo vya kalibu.

Kausha kivulini siku 3 au 4, ukigeuza. Wakati wa masika hesabu wiki nzima na zaidi, maana hewa ya pwani imejaa maji. Jua kali la moja kwa moja linakausha ngozi huku ndani kukiwa kubichi, na nyufa nyembamba kama utando wa buibui ndiyo dalili yake. Baada ya hapo weka juu ya tanuri lenye joto dogo, nyuzi 110 hivi, kwa saa 24. Pima uzito asubuhi na jioni. Uzito ukiacha kushuka, tofali limekauka. Ukiona unga mweupe umejitokeza kwenye pembe zake, hiyo ni chumvi: hukuosha vya kutosha.

Moto

Panda nyuzi 50 kwa saa hadi 300, kisha 100 kwa saa, ila punguza tena kati ya 500 na 600, ambapo kaolini inaachia maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake na kwatsi iliyokuponyoka inabadilika. Endelea hadi 1,250 au 1,300 na ushikilie hapo saa 3 hadi 4. Zima, ziba matundu yote, usifungue hadi kesho yake jioni. Haraka ya kutazama imevunja matofali mengi kuliko moto.

Thamokapo (kipimajoto cha waya) ya aina ya K inafika mwisho wa uwezo wake hapo juu kidogo ya 1,200, kwa hiyo iamini kwa tahadhari. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085: kipande cha waya wa shaba kwenye kigae, kikionekana kupitia tundu la kuchungulia, kitakuambia kama kipimo chako kinasema kweli ukifika hapo. Kwa juu zaidi tumia koni za wafinyanzi, vipande vidogo vinavyolainika na kuinama kwenye joto linalojulikana. Namba 10 inalala karibu na 1,300.

Kila kosa lina sura yake. Tofali lililovimba lina metali au naitraidi iliyobaki, hilo ni kosa la pipa. Ufa mpana katikati ni mvuke uliokosa njia, ulikimbiza moto kabla ya 300. Uso unaong'aa kama kioo una chumvi au chuma kingi. Linalosagika kwa ukucha halikupata joto. Lililopinda liliegemea vibaya, au sehemu moja ya tanuri ilizidi nyingine.

Kupima vinyweleo hakuhitaji maabara. Pima tofali kavu, lichemshe majini saa 2, lipime likiwa limening'inia ndani ya maji, kisha lifute na ulipime hewani. Uzito wa maji lililonywa, ugawanye kwa tofauti ya vipimo viwili vya mwisho: robo au pungufu ni nzuri kwa tofali la jeki. Kwa mshtuko wa joto, choma kipande hadi 950, kiache dakika 30, kitoe kwenye hewa, rudia mara 10. Kisiposhuka vipande, kijenge. Kwa uchambuzi wa kemia wenyewe, kituo cha AMGC pale Kunduchi kinafanya kazi za madini, na sampuli moja inayojulikana kiwango chake cha alumina na chuma itakuokoa miezi ya kubahatisha.

Tofali jepesi

Nyuma ya tofali zito kunatakiwa kitu cha kuzuia joto lisitoke, la sivyo unachoma oili kupasha hewa ya Buguruni. Hapa vinyweleo vinatafutwa: mavi yaliyochomwa 40, kaolini 40, vumbi la mbao lililochekechwa 20, kwa uzito, na maji karibu nusu ya mchanganyiko wote. Vumbi ni jepesi, kwa macho litaonekana limezidi kila kitu, usishtuke. Kati ya 200 na 500 panda polepole sana na hewa iwe nyingi, kwani vumbi linaungua hapo. Ukikimbia, moyo wa tofali unabaki mweusi na baadaye unavimba. Pumba za mpunga zinafaa pia, ingawa zinaacha silika nyingi.

Tofali jepesi lisiguswe na alumini iliyoyeyuka, itazama ndani yake kama chai kwenye mkate. Na hata tofali zito lina udhaifu huo kwa kiasi fulani: alumini ya moto hunyang'anya silika oksijeni yake, na kwenye mstari wa uso wa metali huota uvimbe mgumu mweusi unaokula ukuta. Kadiri silika inavyopungua ndivyo uvimbe unavyochelewa, na hapo ndipo tofali la mavi linapolishinda la udongo mtupu. Viwanda huongeza salfeti ya bari asilimia 5 hivi ili metali isishike. Ukiipata, weka kwenye safu inayogusa metali pekee.

Kujenga

Matofali yashikishwe kwa mchanganyiko uleule uliochekechwa laini, mzito kama uji wa mgonjwa, na kiungo kisizidi milimita 2. Saruji ya kawaida usiiguse. Ikipita nyuzi 450 hivi chokaa iliyomo ndani yake inapoteza maji na kuwa chokaa hai, ambayo ikipoa inanyonya unyevu wa Dar, inavimba na kumomonyoka. Tanuri linaweza kufa kwa sababu ya viungo vya saruji wakati matofali bado mazima. Acha pia nafasi ya milimita 3 hadi 5 kila baada ya nusu mita, uijaze kadibodi. Kadibodi itaungua na kuacha nafasi ya tofali kutanuka.

Tanuri jipya liache likauke siku 3, kisha liwashwe kwa mkaa kidogo bila feni kwa saa 6, siku mbili mfululizo. Weka kipande cha kioo baridi juu ya mdomo wake: kikiendelea kupata ukungu, maji bado yamo ukutani. Feni iwashwe siku ambayo kioo kimebaki kikavu.